Mama yangu mlangoni mwa jikoni, na bakteria waliotaka kumrudisha binti yangu nyumbani

Wakuu, salamu kutoka Kakamega, popote mnaposomea hapa. Haya yalitokea kwangu, na mashahidi wote wako hai isipokuwa jogoo.

Binti yangu Mmbone anasoma biolojia chuo kikuu. Alianguka karatasi ya jenetiki ya bakteria, akapewa nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, masomo yameishia hapo.

Mimi nilisomea fasihi. Nimeandika makala nyingi kuhusu mambo nisiyoyajua, kwa hiyo nikajitolea kumfundisha.

"DNA ya bakteria inakaa ndani ya kiini," nikaanza, kwa sauti ya profesa.

"Baba, bakteria hana kiini."

Nikanywa chai.

Hiyo sehemu ya DNA alikuwa anaielewa. Kwa bakteria wengi ni uzi mmoja wa duara, na ukiunyoosha unampita bakteria mwenyewe kwa urefu mara nyingi sana. Sasa unaingiaje?

Akachukua kamba ya ng'ombe, nikashika upande mmoja, yeye akasokota mwingine. Akasokota, akasokota, mpaka kamba ikaanza kujikunja yenyewe, ikawa furushi la kushika mkononi. Kwa bakteria, protini ndizo zinasaidia kulishika hilo furushi.

Ng'ombe alitutazama bila maoni.

Kilichomshinda ni jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Anakariri, inatoka. Anakariri tena, inatoka. Jumamosi asubuhi nikamkuta anapanga nguo kwenye begi, ati anaenda Malava kutafuta kazi ya duka.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mama yangu. Wajukuu wanamwita Kukhu, yaani nyanya. Kila siku anaweka kigoda chake katikati ya mlango wa jikoni. Akiwa amekaa hapo, hakuna kuku anachinjwa.

"Mgeni ako wapi?" anauliza. "Nyinyi mnataka kukulanga kuku kama sukuma wiki?"

Lakini mgeni akifika, Kukhu lazima ainuke. Kwake ni aibu kusalimia mgeni ukiwa umeketi.

Jumamosi hiyo hiyo akatokea binamu yangu Shikuku kutoka Navakholo, bila taarifa.

"Hodi hapa!"

Kukhu akainuka, akaenda kumshika mikono. Mlango ukabaki wazi. Mke wangu akapita na kisu, sufuria na kuni, vyote kwa mpigo.

Mmbone alikuwa uani, begi begani. Akaliachilia likaanguka.

"Baba! Kukhu ni repressor!"

"Huyu ananitusi kwa Kizungu?" Kukhu akauliza, bado ameshika mikono ya Shikuku.

"Hapana mama, anakusifu," nikasema, nikiwa sijui.

Tukila ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, Mmbone akatueleza. Repressor ni protini inayokaa juu ya DNA, mlangoni kabisa mwa jeni za kuvunja laktosi, ile sukari ya maziwa. Ikikaa hapo, jeni hazisomwi, na bakteria hapotezi nguvu kutengeneza asichohitaji. Laktosi ndiyo mgeni: ikiingia, inaishika ile protini, nayo inabanduka. Njia inafunguka, kazi inaanza.

"Na glukosi?" nikauliza, nikijifanya nimeelewa zamani.

"Hiyo ni sukari rahisi zaidi, kama maharagwe ya jana yaliyo tayari sufuriani. Bakteria akiwa nayo, hata laktosi ikibisha hodi, hajisumbui sana."

"Basi hao hawana adabu," Kukhu akasema, akimsogezea Shikuku firigisi.

Begi lilirudi ndani. Mmbone akarudia mtihani.

Amepita, wakuu. Hakutikisa chuo, lakini amepita.

Nilichojifunza? Miaka yote nimemwona mama yangu kama kizuizi cha kitoweo. Kumbe kukaa kwake ndiko kulikofanya tuwe na kuku siku mgeni alipokuja. Namshukuru. Namshukuru Shikuku, ambaye hadi leo hajui alifanya nini. Na namshukuru binti yangu, aliyenivumilia kama mwalimu.

Kwenu ni nani anakaa mlangoni? Tuambieni hapo chini, na wa biolojia mnisahihishe polepole.

Mimi naishia hapa. Jana Mmbone alifika na matokeo yake, akapiga hodi kwa utani. Kukhu, ambaye hajawahi kumwinukia mtu wa nyumbani, aliinuka.

Mke wangu hakungoja kuambiwa. Alipita na kisu.