Wimbo wa Michembe

Nyimbo za watoto zinanikera mpaka leo. Mtu mzima anaimba jambo zuri, mtoto analiamini, halafu mtoto huyo huyo anachapwa kwa kuliamini! Jamani, haki iko wapi?

Kwetu Shinyanga, miaka ya sabini, mama alituimbia kila tulipotengeneza michembe. Tunakata viazi vitamu vipande vyembamba, tunavianika juu ya mwamba, naye anaimba kwa Kisukuma: aliye na chakula asifunge mlango, mtoto mwema humpa jirani kabla hajaombwa. Tuliitikia kwa nguvu. Nilikuwa na miaka minane, na kila neno nililishika.

Mwaka mmoja mvua iligoma, mtama ukakauka ungali mdogo. Michembe ilibaki kihenge kimoja tu. Mama akatuambia hiyo ndiyo itatufikisha mavuno mengine.

Siku moja akaenda lamboni kuchota maji. Watoto watatu wa jirani wakaja, wakasimama mlangoni kimya. Nikakumbuka: kabla hajaombwa. Nikawajazia ungo mzima, nikaongeza na mwingine. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote kijijini!

Mama aliporudi akachungulia kihengeni. Alinichapa kwa mwiko, nami nalia huku namwimbia wimbo wake mwenyewe, nikidhani ameusahau. Wee! Nilijiongezea kipigo.

"Mama, si wewe uliyetufundisha?"

"Nyamaza! Wimbo unapikwa?"

Nilimchukia. Nilinuna mchana kutwa, nikamwambia mdogo wangu kwamba mama ni mwongo.

Jioni alipika michembe kwa karanga, akatupakulia bakuli zetu, zimejaa kama kawaida. Yeye akakaa pembeni, anasugua chungu.

"Mama, huli?"

"Nimeshiba."

Aliendelea kushiba hivyo hivyo karibu kila jioni, mpaka mtama mwingine ulipokomaa. Gauni lilimpwaya. Kwa jirani hakwenda kudai hata kipande kimoja, na wale watoto wakipita aliwaitikia shikamoo zao vizuri tu.

Angeniambia, jamani! Angesema tu kwamba zile nyungo mbili zilikuwa chakula chake. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, naye hayupo tena nimwombe radhi.

Wajukuu wangu wakiniomba ule wimbo, nawaambia nimeusahau.