Hina Juu ya Mistari ya Mionzi

Mama yangu alikuwa mpakaji hina. Tabora mjini, harusi haikuwa harusi kama bibi harusi hajapita mikononi mwake. Mstari uliopinda alikuwa hauvumilii hata kidogo. Mimi binti yake, nikikosea kuchora, alinipiga kofi la mkononi akafuta yote.

Miaka ile ya ujamaa, watu wakihamia vijijini, yeye akapatwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Akauficha miezi mizima, mpaka nilipouona nikamgombeza: "Mama, mficha uchi hazai!" Daktari wa hospitali ya Kitete akatuandikia barua, tukapanda treni kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine ya mionzi.

Fundi wa mashine, kijana mkavu aliyemwita kila mtu "ndugu", alimchora kifuani mistari ya wino wa zambarau. Kwa wiki kadhaa mionzi ingepita humo humo.

"Usiifute, ndugu," alisema. "Kila seli ina maagizo ndani yake, na mionzi inayavuruga. Seli nzima ikipumzika mpaka kesho inaamsha maagizo ya kujitengeneza. Ya kansa mara nyingi kazi hiyo inaishinda, inakufa. Lakini tukikosa mahali, tutachoma moyo, na kansa tutaiacha inazaana."

Nilielewa nusu. Mama alielewa kwamba mistari isifutike, basi.

Joto la Dar unalijua. Jasho likaanza kuula wino. Asubuhi moja nikiwa sokoni, mama akakoroga hina, akashika kioo, akapita juu ya kila mstari. Na mmoja uliopinda, jamani, akaunyoosha!

Fundi alipomfunua, aliinama karibu. Akachukua rula, akapima. Mstari ulikuwa umehama kwa upana wa vidole viwili.

"Nani kakutuma uchore?"

"Mwanangu, ulikuwa umepinda."

"Umepinda kwa sababu moyo wako uko hapo chini, mama!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Mimi pembeni nilitaka kulia, nilitaka kufoka, nikashindwa yote mawili. 

Fundi akafungua faili, akapima upya, akatia alama za msalaba juu ya mstari wa mama, akachora wake. Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Hiyo hina yako inakaa siku ngapi?"

"Wiki nzima, ukiijulia."

"Basi kesho njoo nayo, upite juu ya wangu. Wangu, mama, si wako."

Kesho yake, mbele yake, mama akaufuata ule upindo pole pole, uso umekunjamana utadhani analamba ndimu. Yeye, ambaye hakuwahi kufuata mkono wa mtu! Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Miaka minne baadaye, Tabora, alinipaka hina ya harusi yangu mwenyewe. Kwenye mkono wa kushoto mstari mmoja ukapinda. Nikamwonyesha, nikimcheka.

"Uache," akasema, akinishika vidole. "Ule wa kifuani ungebaki nilivyounyoosha, leo ungepakwa na mwingine."