Siku Niliyowarushia Wakwe wa Watu Sombe

Aibu ya siku ile sijaimaliza mpaka leo, na kwa kuwa Wakongo wengi wa Durban wa miaka ile wanaijua (kila mmoja kwa namna yake, wengine wameongeza mpaka gari la zimamoto, ambalo halikuwepo), basi heri mnisikie mimi mwenyewe niliyeifanya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mume wangu Saidi, watu wa Kigoma, tulipanga nyumba ya uani kule Queensburgh pamoja na Mama Neema, mama wa Kikongo kutoka Uvira, na mdogo wake Esther. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi mzee tuliyemwita Anko, alikaa nyumba ya mbele. Mimi nilisuka nywele saluni mjini, Saidi alipakua makontena Clairwood, na siku moja akarudi na mashine iliyokaa ghalani hadi mwenyewe akasahaulika, bosi akasema anayeitaka aichukue. Ilikuwa na injini ya petroli, magurudumu mawili, mbele mdomo mpana wenye chuma kilichojiviringa kama skrubu kubwa, na juu bomba lililopinda shingo. Saidi aliitaka kwa ajili ya injini tu. Akaitia petroli, akaiwasha kidogo kuona kama inanguruma, akaiacha gerejini.

"Zaina, usiiguse mpaka nijue ni ya kazi gani," aliniambia.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona picha ubavuni mwa mashine, picha nyeupe ya kitu chenye vidole vilivyotawanyika pande zote, nikasema moyoni hili si jani la muhogo ni nini? Mdomo wa kulia majani, skrubu ya kusagia, bomba la kutolea. Kila kitu kilikaa mahali pake kichwani mwangu.

Jumamosi moja wakwe wa Esther walikuwa wanakuja kuleta mahari. Sombe (kisamvu, kwa sisi wa Kigoma) ilikuwa imefika na lori kutoka Maputo, gunia zima, na kinu Anko alishatukataza kwa sababu kishindo chake kilikuwa kinatikisa vikombe vyake kabatini. Asubuhi nikamkuta Mama Neema, aliyezoea kuniita yaya, yaani dada, amekaa mbele ya gunia ameshika tama.

"Tutatwanga namna gani hii yote, yaya? Bakwe iko njiani."

"Ipo mashine ya kutwangia gerejini," nikamwambia. "Naijua."

Neno hilo moja, naijua, ndilo lililozaa mengine yote.

Tuliiosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka ikang'aa. Kisha, ili Anko asisikie, nikafunga mlango wa gereji ndipo nikavuta kamba. Ikawaka, na moshi ukajaa humo ndani kabla hata sijaweka jani moja. Esther akaketi sakafuni akasema kichwa kinamzunguka, siku ya mahari yake, na mimi nikampepea kwa kifuniko cha sufuria nikisema ni joto tu. Tukafungua mlango, tukaisukuma nje uani, na uani ndiko wakwe, waliokuwa wamewahi, walishaketi chini ya turubai na suti zao.

Mashine ile ilikuwa na mkono wa kubana. Ukiubana, skrubu inazunguka, ukiuachia inasimama. Nikauona ni usumbufu, maana nilitaka mikono ya kushikia beseni, basi nikaufunga kwa kitambaa changu cha kichwa, fundo la nguvu. Mama Neema akamwaga majani mdomoni mwa mashine. Nami nikategesha beseni chini ya bomba, nikitabasamu upande wa wageni kama mwalimu anayeonyesha kitu darasani.

Majani hayakusagika hata kidogo. Yaliruka juu ya beseni, juu ya kichwa changu, mabichi na maji yake, yakatua kwa wakwe. Mjomba wa bwana harusi alibaki ameketi wima, jani moja limenata kwenye miwani, jingine mfukoni mwa koti. Kisha majani yakakwama bombani, na Mama Neema, kwa haraka ya kuokoa hali, akainama kuyachomoa. Ncha ya kitenge chake ikaingia mdomoni mwa mashine.

Nikakimbilia ule mkono niuachie, lakini nilikuwa nimeufunga mwenyewe, na fundo lililoloa halikufunguka. Kitenge kikaendelea kuvutwa. Mama Neema akakifungua kiunoni akakiacha kiende, akasimama mbele ya wakwe na sketi ya ndani. Kitambaa kikajiviringa kwenye skrubu mpaka injini ikakohoa ikazimika.

Anko alitokea nyuma, akasoma maandishi madogo chini ya ile picha, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba hii ni mashine ya kutupa theluji, na picha ile ni chembe ya theluji, si jani, watu wa nchi za baridi wanasafishia njia.

"Neige, theluji?" Esther akauliza. "Hapa Durban?"

Anko hakucheka. Akachomoa waya wa plagi ya injini kwanza ili isiwake tena, ndipo akakata kitambaa changu kwa kisu. "Mkono huu umewekwa kwa ajili ya mtu aliyeshtuka," akasema. "Akiachia, inasimama." Ilipopoa akaimwaga petroli mbali na gereji, maana mle ndimo tulimopikia kwa jiko la mafuta ya taa.

Mahari ilipokelewa, wageni wakala wali na kuku, na Esther aliolewa. Siku nyingi zikapita, kisha jioni moja tukiosha vyombo Mama Neema akauliza bila hasira, "Kwa nini ulisema unaijua?"

Tangu nifike mji ule nilikuwa nikisema najua: kwa dereva wa teksi, kwa karani wa hospitali, kwa kila aliyenitazama kama mgeni. Sikuwahi kufikiri kwamba mkono wa mtu mwingine ungeweza kuponzwa na neno hilo.

Wiki ile ile aliyoniuliza, mteja akakaa kwenye kiti changu akataka msuko nisioufahamu. Nikamwambia sijui. Akainuka akaenda kwa mwenzangu wa kiti cha pili. Iliniuma. Lakini nilisimama nyuma ya mwenzangu mpaka akamaliza, nikiangalia vidole vyake.