Matabishi ni ya Mkono Wake

Nilirudi Kindu na diploma ya biashara, nikafungua duka la mchele mtaa wa Kasuku bila msaada wa mjomba wala shangazi. Mchele wangu haukuwa na mawe. Jambo moja tu lilininyima raha: mama niliyemwajiri kuuza aliipenda kazi kupita kiasi. Alifika kabla yangu, na hata akiumwa, alikuja. Mtu anayelipenda duka la mwenzake namna hiyo, nikawaza, kuna kitu anakula.

Nikajificha ng'ambo ya barabara, nyuma ya pikipiki za abiria, nikamchungulia. Kila alipopima kopo, alichota konzi nyingine akaongeza.

"Mama, unagawa mali yangu."

"Patron, ile njo matabishi, kidogo ya kuongezea mutu. Ni ya mukono yangu. Batu wanapita maduka ingine juu yake."

Nikapiga marufuku. Kuanzia siku hiyo makopo yalisawazishwa kwa kijiti. Hakubishana. Alianza kufika saa ya kazi, si mapema, na mteja akiuliza bei alimjibu bila kuinua macho. Wateja wakahamia duka la mbele. Punde mwenye duka hilo akawa anapita kumsalimia, akimwita "mama yetu". Nilijua anachotafuta: alitaka kuninyang'anya mama.

Kinachomfunga muuzaji na duka hakukijua mwalimu wangu yeyote, lakini mimi nilikijua tangu utotoni. Wakati wa vita, treni ilipokoma na chumvi ikawa inaletwa kwa baiskeli kutoka Kalima, mimi mtoto niliiuza kwenye meza ya shangazi. Hakunilipa kitu. Aliniachia matabishi tu, niamue mwenyewe nani apate ya ziada. Wanawake wazima waliniita "papa", kama baba yao, kwa ajili ya chumvi ya vidole vitatu. Sikukosa hata siku risasi zilipolia ng'ambo ya mto.

Basi nikamwambia mama, "Matabishi nakurudishia. Usiniulize tena nani umpe."

Akanitazama kama mtu aliyepewa noti bandia. "Utaikata ku mushahara?"

"Hapana."

"Sema mbele ya baclient."

Nikasema, kwa sauti ya msomi. Mteja mmoja akacheka: "Leo patron amefungua ngumi. Mama, ongeza kabla hajajuta."

Mama akachota, akaongeza, akamuuliza habari za watoto wake. Mwenye duka la mbele alikuwa amefika mlangoni kwetu. Akageuka, akarudi kwake.

Sasa mama anafika tena kabla yangu. Mimi nakaa upande wa makopo, mahali ninapoona vizuri ukubwa wa konzi yake.