Mbwa wa Simenti wa Papa Etaje

Enzi zetu pale Butembo, mbwa hakuhitaji kutengewa mahali. Mji wote ulikuwa wake. Nalisema hili kwa sababu binti yangu, anayesoma ng'ambo, ananitumia picha kwenye simu kila juma: mara sanamu ya mbwa wa shaba katikati ya kiwanja, watoto wamemkumbatia shingo, mara bustani yenye uzio, ndani yake mbwa wanacheza na wenye mbwa wameketi wakinywa kahawa. "Papa, huku hata imbwa iko na parke yake," aliniandikia. Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu wa umri wangu, kwamba sisi tulikuwa na hayo yote kabla yao. Hakuamini. Basi nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka, mnisaidie.

Nani kati yenu hakwenda shuleni akifuatwa na mbwa? Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikaratusi, magoti yamepauka kwa baridi, na mfukoni kulikuwa na kiazi cha moto ambacho kwanza kilikuwa cha kupashia mikono, ndipo kikawa cha kula. Mbwa alikungoja chini ya dirisha la darasa. Alishuka nawe kuteka maji, akapanda nawe shambani, na siku ya soko alilala chini ya meza za nyama, ambako wauzaji walimtukana kwa jina lake, kama mtu. Vijana wa leo mbwa wao anakaa kwenye simu. Wanamtazama akicheza dansi, wanacheka hadi machozi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtoa mbwa viroboto.

Wangu aliitwa Tutaona. Alifika akiwa mdogo, ndani ya kikapu, kutoka kwa mjomba wa Mabalako. Koko, mama wa baba yangu, alimgeuza mara moja akasema, "Tutaona kama huyu atapona." Alipona, jina likabaki. Alikuwa mwekundu kama udongo wa barabara, sikio moja limesimama, la pili limekataa.

Mahali pamoja tu alikatazwa: kanisani. Na aliyemkataza alikuwa baba. Baba alikuwa protokole wa kanisa letu, yaani kila Jumapili alisimama mlangoni, koti limepigwa pasi, fimbo ya mwanzi mkononi, akionyesha wageni viti na kufukuza mbwa. Ilikuwa kazi ya kweli. Familia zilishuka milimani pamoja na mbwa wao, na mbwa akisikia kwaya anataka naye kuimba. Jumapili moja Tutaona aliimba katikati ya maombi, peke yake, kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata baba aliniita.

"Kesho nikiona ile imbwa mu kanisa, nitaipa mutu wa Mutwanga, imulindie shamba. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Asubuhi nilimfunga kwa kamba nyumbani. Akaitafuna. Nilipofika uwanjani pa kanisa alikuwa tayari miguuni pangu, mkia unapiga, na kengele ya pili imekwisha kulia. Hapo ndipo nilipotumia akili. Nilikuwa wa kwanza darasani, na mtoto wa kwanza darasani ni hatari kubwa kwa nafsi yake. Nyuma ya kanisa, kando ya ukuta, kulikuwa na vitu ambavyo waumini walikuwa wameleta kuwa sadaka: vikapu vya maharagwe, mafungu ya vitunguu vya pwaro, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mbuzi mmoja. Nikawaza: nani atamfukuza mnyama aliyesimama kati ya wanyama wa Mungu? Nikamfunga Tutaona kando ya mbuzi, nikaingia kuimba kwa dhamiri safi.

Mnakumbuka kilichofuata ibada. Mchungaji alitoka nje, akaiombea sadaka yote kwa pamoja, macho ya watu yamefumbwa, kisha shemasi akaanza kuiuza kwa mnada kwa faida ya kanisa. Shemasi wetu hakuhitaji kipaza sauti.

"Hii kuku hapana ya muchezo!" alipaza sauti akiinua jogoo. "Ilikula mahindi ya mulima! Bamama, munaogopa nini? Inueni mikono!"

Kuku waliisha. Mbuzi akaenda. Kisha shemasi akashika kamba ya Tutaona, akaivuta, akamwona aliyekuwa mwishoni mwake.

"Eh! Na hii? Nani ametolea Mungu imbwa?"

Watu walicheka. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Uzisha tu, shemasi! Imeisha kuombewa!"

"Ni ya nani?" shemasi akauliza tena. "Mwenyewe aseme, tumurudishie."

Wenzangu, mdomo wangu ulikuwa wazi. Najua ulikuwa wazi kwa sababu nzi aliingia. Lakini baba alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka kwangu na fimbo yake, na kusema "ni yangu" kulikuwa sawa na kutangaza mbele ya kanisa zima kwamba mtoto wa protokole ndiye aliyeleta mbwa. Nikamwona Tutaona tayari yuko Mutwanga. Nikatazama viatu vyangu. Havikuwa na ushauri wowote.

"Basi ni ya Mungu," shemasi akasema, na mnada ukaanza.

Bei ya kwanza ilitajwa na Papa Etaje. Tulimwita hivyo kwa kuwa nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu kuwa na etaje, yaani ghorofa. Malori yake yalikwenda Kasindi na kurudi, na siku hizo alikuwa akitafuta mbwa wa mlangoni. Alipotaja bei yake niliona, juu ya vichwa vya watu, fimbo ya mwanzi ikiinuka. Baba alikuwa akipandisha bei.

Kicheko cha siku ile bado nakisikia.

"Protokole! Siku zote unazifukuza, leo unazitafuta?"

"Acha, anataka ya kufukuza kwake nyumbani!"

Baba hakucheka wala hakugeuka. Papa Etaje alipandisha, fimbo ikainuka. Akapandisha tena, ikainuka tena, polepole. Mara ya nne ikabaki chini. Tutaona aliondoka akirukaruka nyuma ya mnunuzi wake. Hakujua kwamba ameuzwa. Nadhani aliona kwamba watu wengi wanampenda.

Tulipofika darajani baba alisimama.

"Ulikuwa na mudomo," akasema. "Ilikuwa ya kazi gani?"

"Niliogopa, papa."

"Uliogopa nani?"

"Wewe."

Akaendelea kutembea. Tangu Jumapili ile sikumwona tena akimpiga mbwa kwa fimbo. Aliwaonyesha tu njia, kama wageni wengine.

Jioni Tutaona alirudi na kipande cha kamba shingoni. Nilimkumbatia nikidhani mambo yamekwisha. Baba akatikisa kichwa. "Hapana. Ile ni ya mutu. Utairudisha wewe mwenyewe." Nikamrudisha. Siku ya pili akaja, nikamrudisha. Ya tatu vilevile, naye alifurahi njia nzima, akidhani ni matembezi yetu. Siku ya nne nilimngoja barabarani mpaka koko akaja kuniita. Hakuja. Kwa Papa Etaje kulikuwa na mifupa ambayo bado ina nyama. Miezi michache baadaye nilipita mbele ya mlango ule, akanibwekea kama mwizi. Simlaumu. Mimi nilipopata nafasi ya chuo kikuu nilisahau nyumbani kabla ya siku tatu kwisha. Huko niliandika kurasa nyingi juu ya ujasiri wa kusema kweli, na walimu wangu wakanipongeza.

Tutaona alipokufa kwa uzee, Papa Etaje alimlilia wazi, kisha akamwita fundi wa simenti. Sanamu ilikalishwa nje, kando ya mlango, pale barabara inapopanuka. Fundi alikosea karibu kila kitu: miguu ni ya ng'ombe, meno ni ya mamba, rangi ni ile iliyobaki baada ya kupaka lori. Lakini masikio aliyapata, moja juu, moja chini. Watoto walimpanda, akina mama walitua mizigo yao kando yake, wenye kusukuma chukudu za mbao zenye mizigo walipumzikia hapo, na mbwa wa kweli walikuja kumnusa na kuinua mguu. Ukimwelekeza mgeni ulisema, "Tukutane kwa imbwa." Hapo ndipo penye kiwanja chetu na bustani yetu, binti yangu, bila uzio na bila kahawa.

Mwezi uliopita njia ilikuwa nzuri, nikapanda kutoka Beni, ninakokaa siku hizi, kwa ajili ya harusi. Nyumba ya Papa Etaje imekuwa maduka ya simu. Mbwa bado yupo. Wamempaka rangi mpya na kumchorea miwani ya jua. Mbwa hai sikuona hata mmoja. Wako nyuma ya milango ya chuma, wanasikika tu. Kijana mmoja na wenzake hupiga maharusi picha hapo.

"Papa, unaangalia sana," akaniambia. "Unataka foto?"

"Naangalia tu imbwa."

"Ile ni ya zamani. Batu hapana kujua tena ilikuwa ya nani."

Nilitazama viatu vyangu. Ni vizuri kuliko vile vya zamani, lakini kwa ushauri ni vilevile. Baba alikwisha kufariki. Shemasi pia. Hapakuwa na fimbo popote.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Vijana wakatazamana. Mmoja akanishika mkono kwa heshima kubwa, kama unavyomshika mgonjwa. "Papa," akaniambia taratibu, "hii ni simenti."

Picha walinipiga hata hivyo, nami nikamtumia binti yangu. Inaonyesha mzee mwenye tumbo, mkono wake uko shingoni mwa mbwa, mahali pa kamba. Enzi zetu nilikuwa na mbwa mzima na sikuwa na picha yake hata moja. Sasa nina picha. Binti yangu akauliza, "Papa, mbona mudomo iko wazi?"

Nikamwandikia kwamba nilikuwa namjibu shemasi.