Deni Nililoliita Mbele ya Jeneza

Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kuchimba mawe ya kujengea, na leo ukiiona pikapu inayopeleka mawe kwenye majumba ya Diani, uliza ni ya nani. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo siku tulipomzika kaka yangu mkubwa kule Gazi, sikumwachia mtu mwingine kazi ya kusimama mbele ya jeneza.

Kwetu maiti haendi kaburini mpaka watu waulizwe nani anamdai. Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaogopa kujibiwa. Mimi nilipaaza. "Anayemdai marehemu ajitokeze! Na akiona haya leo, aje kwangu. Deni la kaka yangu ni langu!"

Safu ya pili alikuwepo wakala wa kampuni ya mikopo, ambako kaka alikopa karo ya wanawe. Akanyamaza. Hitimani akaja, akala pilau, akaenda zake. Baadaye ndipo akanijia na hesabu: mkopo ulikuwa umezaa faini za kuchelewa mpaka faini zikaupita mkopo wenyewe.

"Kuchelewa?" nikamwuliza. "Mtu amekufa, ulitaka awahi?"

"Mzee wangu, ni mfumo unaohesabu, si mimi."

"Basi uambie mfumo wako kilichobaki katika alichokopa kaka nitalipa leo hii. Faini ya maiti silipi."

Wakakataa. Ama vyote, ama mahakamani. Samansi ikaja kwa jina langu, na maneno yakazagaa kwamba madalali wataichukua pikapu. Pikapu iliniuma, lakini kilichoninyima raha ni kaka kulala na deni shingoni baada ya mimi kupiga ukelele ule. Wenzangu barazani wakanishauri nikaichane ile karatasi. Nikaenda Ukunda, kwenye ofisi ya msaada wa sheria wa bure.

"Shikamoo, baba," binti wa pale akaniamkia. Akaisoma. "Usithubutu kuichana. Ukikaa kimya mpaka muda wa kujibu upite, kesi yaweza kuamuliwa bila wewe, na hapo madalali watakuja kihalali. Je, uliweka sahihi popote kwamba utamlipia?"

"Sahihi ya nini? Nilisema mbele ya umma."

"Ahadi ya kumlipia mtu mwingine deni lake haikufungi mahakamani mpaka iandikwe na uitie sahihi. Deni la marehemu hudaiwa kwenye mali aliyoiacha."

Kaka aliacha nyavu na watoto. Lakini nilipandisha mori. "Yaani mimi nikajifiche nyuma ya kalamu? Neno langu si kitu?"

"Sijakwambia ukane, baba. Sema kweli yote. Ya mahakama yana njia yake, na ya msikiti yana yake."

Tukaandika jibu, tukaliwasilisha kabla ya muda kwisha.

Siku ya kesi wakala akaapa kwamba alinisikia kwa masikio yake.

"Ni kweli?" hakimu akaniuliza.

"Kweli tupu, mheshimiwa. Na yeye niliposema anayedai ajitokeze, aliufyata."

Watu wakacheka. Hakimu akatuliza, akamgeukia wakala. "Sahihi yake iko wapi?"

"Hakuna, mheshimiwa, lakini alitamka mbele ya jeneza."

Kesi ikatupwa.

Walidhani nitatoroka. Mimi huyu? Ijumaa iliyofuata nikamwita wakala msikitini Gazi, baada ya sala, mbele ya watu walewale. Nikamhesabia kilichobaki katika alichokopa kaka, peke yake.

"Andika kwamba deni limekwisha, kisha liseme kwa sauti."

"Mzee, faini sina ruhusa ya kuzifuta."

"Mpigie mwenye ruhusa. Weka spika."

Bosi akapokea. "Mbona kelele? Uko wapi?"

"Msikitini, bosi. Na watu wote wanakusikia."

Akashusha sauti, "Mwandikie. Yaishe."

Wakala akaandika, akatia sahihi, akasimama. "Marehemu hatumdai."

"Sikusikia!"

"Marehemu hatumdai!"

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji kumpelekea ile karatasi. Alilia, mimi nikatazama ukuta.

Watu huniambia siku nyingine nipunguze mdomo mazikoni. Nipunguze kwa nini? Wanangu nimekwisha waagiza: nikifa, iteni wadai kwa sauti kubwa kuliko yangu. Na atakayejitokeza, mwambieni aonyeshe maandishi.