Nta Niliyompa Fundi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za likizo iliyopita, mwanangu, ni ile niliyompa fundi kipande cha nta huku nikijua kabisa kwamba sikupaswa kumpa. Najua hujazaliwa bado, na mimi mwenyewe niko kidato cha tatu, nakuandikia kwenye daftari ninaloficha chini ya godoro. Lakini nikisubiri nizeeke ndipo nikusimulie, nitakuwa nimeshayapamba. Afadhali uyapate yangali mabichi.

Babu yako, yaani baba yangu, ni mfugaji wa nyuki. Mizinga yake iko msituni upande wa Kagerankanda, na kila mwezi wa sita hulala huko wiki mbili tatu akivuna asali. Mwaka juzi alirudi na kifua kibaya, akakohoa mpaka mvua za kwanza zikanyesha. Mama alimuuguza, na alipopona akamwambia kwamba hatalala tena chini ya turubai. Alale pakavu na penye joto, au mizinga iuzwe. Hakupandisha sauti. Mama asipopandisha sauti, ujue amemaliza. Na baba bila nyuki sijui angekuwa mtu gani. Nyumbani kwetu kuna mizinga inayotajwa kwa jina wakati wa kula, kama watoto walio shule ya bweni.

Ndipo akanunua haisi kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria wa Buhigwe, akang'oa viti, akatangaza kwamba itakuwa nyumba ya kutembea nayo msituni: kitanda, droo za vyombo, mahali pa jiko, mapazia. Gari lilikuwepo. Fundi ndiye hakuwepo.

Seremala wa kwanza, pale Kasulu mjini, alikuwa hodari wa vitanda. Alichungulia ndani ya gari, akacheka. "Mzee, si ujenge tu chumba cha wageni?" Akapima sakafu, na baada ya siku nne akatuletea kitanda cha mninga ambacho hakikupita mlangoni. "Basi tukate mlango," akasema. Baba akamshukuru, akawasha gari.

Kibondo tulimpata mchomeleaji, kijana mchangamfu aliyetaka kila kitu kiwe cha chuma. Baba akamwuliza, "Umeshawahi kutengeneza kitu kikakimbia kwenye barabara zetu kisilegee?"

Kijana akafikiri, tena kwa moyo wake wote. "Geti," akasema.

"Geti halikimbii."

"Ndiyo, lakini halijalegea."

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Ila tulipofika, mama alituuliza kwa upole kama aanze kumtafuta mtu wa kununua mizinga, maana siku za mavuno zilikuwa zimekaribia.

Jumatatu yake tulikwenda Makere kwa shangazi, ambako baba huweka vifaa vyake. Sokoni nikamwona muuza mikate mwenye sanduku la mbao nyuma ya baiskeli. Alikuwa anashuka kwenye mashimo, na sanduku halikulia hata kidogo. Mfuniko wake ulikunjika ukawa meza. Nikajua mkono uliotengeneza lile ndio tunaoutafuta. Lakini kumwuliza mtu nisiyemjua, mwanangu, kwangu ni kama kupanda jukwaani. Nikamzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Dada," akasema, "umenizunguka mpaka nimeanza kujitengeneza shati. Unataka mkate au unanitaka mimi?"

Wanawake wa dagaa wakacheka. "Sanduku," nikasema.

"Sanduku siuzi."

"Nani alilitengeneza?"

Akaniambia. Nilikuwa nimesema maneno matatu tu, na nimetokwa jasho kama niliyelima.

Hivyo ndivyo tulivyompata Fundi Asukulu. Kwao ni Kongo, ng'ambo ya ziwa, alikokuwa akijenga boti zenye vyumba vya kulala kabla ya vita kumkimbiza. Sasa anaishi kambini Nyarugusu. Kila asubuhi alikuja kwa shangazi na kibali chake cha kutoka kambini kwenye mfuko wa shati, akaondoka mapema ili kisimwishie muda akiwa njiani. Siku ya kwanza hakugusa msumeno. Alimwomba baba aendeshe gari kwenye barabara mbovu kuliko zote, yeye akakaa nyuma, chini, amefumba macho.

"Muzee," akasema tuliporudi, "kuko kelele ya mlango, na kuko kelele ya bati. Ya tatu nitaileta mimi na mbao zangu. Ile ndiyo lazima niizuie mapema."

Baba alinitazama kwa furaha ya mtu aliyepata alichopoteza. Siku ya pili fundi alikata maboksi ya sabuni, akayabandika kwenye kuta za gari zilizopinda mpaka yakakaa sawasawa, ndipo akachonga mbao kwa kufuata maboksi yale. Chini ya kitanda alitengeneza sanduku refu la matandiko, lenye giza, na mwisho wake tundu dogo la kupitisha hewa, nguo zisivunde.

Alhamisi baba alipanda basi kwenda Kibondo, arudi kesho yake na godoro alilokuwa amekatiwa kwa kipimo. Nikabaki mimi na fundi. Droo zilikuwa zinalia zikivutwa, na sanduku la kitanda nalo mbao zake zilikuwa zinasuguana. Fundi akatazama dirisha la stoo.

"Mutoto, ile nta iko ya nani? Nipe kidogo nipake, ninyamazishe hizi kelele."

Sasa sikiliza. Mtoto yeyote wa mfuga nyuki anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki waupende. Na pale mbele yangu palikuwa na sanduku refu, lenye giza, lenye tundu mwishoni. Tena majirani walikuwa wameanza kuvuna, na nyuki wakisumbuliwa huhama wakatafuta makao. Yote hayo yalinipita kichwani nikiwa nimesimama na nta mkononi. Nikampa.

Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, amejenga boti, na mimi ni nani. Kwetu mtoto hamsahihishi mgeni, hasa mgeni aliyekuja kutusaidia. Hiyo ndiyo sababu ya kupendeza. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa kusikia sauti yangu ikitetemeka.

Ijumaa saa sita mchana walikuja. Kwanza mmoja mmoja, kisha wingu zima, wakaingia chini ya kitanda kama watu wenye risiti. Fundi Asukulu aliruka nje na sikio limeshadungwa. Kuku wa shangazi wakatawanyika, na shangazi mwenyewe akafunga mlango wa jiko, akasemea dirishani, "Kaka yangu kahangaika kutafuta nyumba, wapangaji wamemtangulia."

Baba aliporudi na godoro akachungulia, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Kisha akakumbuka kwamba mama anakuja kesho yake kuangalia gari, na kicheko kikaisha.

"Kosa iko yangu, muzee," fundi akasema, ameshika sikio. "Mi ndiye niliomba nta. Nilizoea boti, kule maji hayana nyuki." Hakunitazama hata kidogo. Angeweza kubeba aibu ile peke yake mpaka kambini, na hakuna ambaye angejua.

"Nilijua," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Ulijua tangu niliomba?" fundi akauliza.

"Tangu ulipoomba."

Nilingoja anigombeze. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa ili uso wake uwe sawa na wangu. "Basi hapa kulikuwa mafundi wawili, na mumoja alinyamaza. Mi ninajua mbao. Nyuki sijui. Ukinificha ile yenye unajua, unataka nifanye kazi na nusu ya kichwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Bon, sawa. Sasa sema. Droo tutanyamazisha na nini?"

"Sabuni ya mche," nikasema. "Nyuki hawana habari nayo." Sauti ilitetemeka kweli, kama nilivyoogopa. Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa ameshaanza kukoka moto wa kuwafukizia nyuki moshi.

Nyuki waliotoka kuhamia hawana hasira nyingi, bado hawana cha kulinda. Jua lilipokuwa linashuka baba alikuwa amewakung'utia kwenye mzinga mpya, akaufunika. Jumamosi asubuhi fundi alikwangua nta yote, mimi nikaosha mbao kwa maji ya moto, tukazipaka sabuni, akaziba tundu kwa kipande cha wavu.

Mama alifika kabla ya mchana. Alivua viatu, akapanda, akajilaza kitandani na mikono kifuani. "Endesha," akamwambia baba. Tulikwenda mpaka kwenye makorongo ya njia ya Kagerankanda na kurudi, mimi na fundi tumebanana mbele, na nyuma hapakusikika droo wala mbao. Gari liliposimama mama akaketi, akanusa.

"Kwa nini kitanda kinanukia sabuni?"

Baba akatazama usukani. Fundi akatazama kibali chake. Basi nikamweleza mama yote, kuanzia nta mpaka sikio la fundi. Alisikiliza, akapitisha kiganja kwenye kona za sanduku lile, taratibu, kama anavyopima joto la mgonjwa.

"Nyuki huingia penye unyevu?" akamwuliza baba.

"Hawaingii."

"Penye baridi?"

"Hapana."

"Basi wao wamekagua kabla yangu," mama akasema, akavaa viatu. "Nenda kavune."

Mwanangu, ninachotaka kukuachia ni hiki. Utakapomhitaji fundi, usimtafute kwa sifa anazojipa. Angalia kitu alichokitengeneza kikiwa kazini, umfuate aliyekitengeneza, hata ikibidi uzunguke mara tatu ndipo uulize. Ukishampata, mheshimu kwa kumwambia unachokijua. Mimi niliita ukimya wangu adabu, kumbe nilimwacha mtu mwema adungwe sikio na nusura abebe kosa langu. Kama utarithi haya zangu, na naogopa utazirithi, usisubiri ziishe ndipo useme. Mimi hazijaisha. Sema nazo hivyo hivyo.

Mungu akujalie watu wa kukuketia kwenye ndoo wakusikilize. Akulaze pakavu popote utakapokuwa, na kazi ya mikono yako itulie hata kwenye makorongo. Amina.